Njia ya Katikati

Jumamosi, saa tatu, ukumbi wa Kengeleni,
mimi ndiye mwenye daftari.
Naandika aliyekuja, naandika aliyechelewa,
na asiyekuja namwachia mstari mtupu,
maana wiki ijayo huenda akaujaza.

Fomu ina maswali tisa.
La nne ndilo linalowakwaza: mzazi au mlezi.
Dzombo, miaka kumi na mmoja, kaandika jina la dadake,
kisha kalifuta, kisha kaliandika tena,
karatasi ikatoboka pale pale.
Sikumwambia kitu. Nilimpa mahamri mawili,
moja nikamwambia ni la mlezi.

Mpango huu alituletea Loretta wa Baltimore.
Kwao, alisema, kina baba hukaa kwenye viti vya plastiki
na kufundishwa kusuka nywele za binti zao.
Kamati ikanyamaza.
Mzee Josia akakohoa kikohozi cha kupinga hoja:
"Baba asuke? Na mama atafanya nini, atengeneze injini?"
Loretta akangoja tafsiri, akajibu:
"Mama atalala."
Kina mama kule nyuma wakapiga vigelegele
na hoja ikapita bila kura.

Siku moja aliniuliza, tukiosha vikombe,
kwenu hasa ni wapi?
Nikamwambia babu wa babu yangu alishushwa hapa mtoto,
kakombolewa, kapewa jina katika kitabu cha ubatizo;
lile la kwanza hakuna aliyeliuliza.
Wewe je?
Sisi pia ni kitabu, akasema, ila kile cha mauzo.
Tukacheka, sijui kwa nini.
Vikombe vilikuwa vingi.

Leo wako saba.
Wanaume saba na vitana, watoka jasho kuliko makuli.
Shebwana wa tuktuk amefunga fundo la turubai;
bintiye ajitazama kiooni, asema,
"Baba, hii ni mizigo."

Na Mkala, fundi wa kuchomea vyuma,
vidole vyote alama za cheche,
Mishi wa miaka sita kambana katikati ya magoti.
Mkewe yuko Dammam, mwaka wa tatu,
avisha watoto wa wenyewe.
Simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya nazi,
naye yumo ndani, ufa wa kioo umempita shavuni.

"Anza na njia ya katikati. Polepole. Hilo si geti."
Mkala azuia pumzi.
Njia yaanza vizuri pajini,
ikifika utosini yapinda,
yaenda kama barabara ya Mtopanga msimu wa mvua.
"Nikaze?"
"Kaza."
"Analia."
"Halii, anakudekea."
"Silii," asema Mishi, "ila usinifunge twende kilioni.
Leo hatuendi kilioni."

Loretta akataka nimtafsirie.
Mtindo, msiba, nywele kurudishwa nyuma… nikashindwa.
Nikamwambia: anataka apendeze.
Naye akanong'ona kwamba njia ya katikati, kwao,
ni jina la bahari waliyovushwa wazee wake.
Hakuongeza neno. Akaokota kitana kilichoanguka,
akakipangusa kwa pindo la gauni.

Bando likaisha kwenye butu la nne.
Mama akaganda, mdomo wazi, mkono juu,
na Mkala akaendelea bila kuelekezwa,
la tano, la sita.
Lililobaki, dogo, karibu na sikio, halikukubali.
Mishi akalishika kwa vidole viwili.
"Liache. Hili ni la mama."

Nje matrela yanapigiana honi,
kengele ya kale imetulia kwenye mnara wake
kama mtu aliyekwisha kusema.
Nikafungua daftari.
Mkala: alikuja. Mishi: alikuja.
Kwenye mstari wa mama kalamu ikasita, ikasita,
wino ukafanya kidoa.
Kisha nikaandika:
amechelewa.